Mwanafunzi na BMW ya zamani: breki kwanza, rangi mwisho

Ndugu Mhariri,

Picha za pikipiki kubwa za zamani zilizofufuliwa zinapendeza gazetini, na vijana wanazipenda. Kinachokosekana chini ya picha hizo ni mpangilio wa matumizi. Hapa Arusha, na kwa wenzetu wa Moshi, mwanafunzi wa chuo anayenunua pikipiki ya safari iliyolala uani kwa mtu miaka kumi hukwama kwa namna ileile: boom la kwanza, yaani fungu la mkopo wa chuo, linaishia kwenye rangi na kiti, la pili linakuta injini imefumuliwa na kutiwa kwenye ndoo, la tatu linakwenda kwenye chakula na kodi ya chumba. Mashine inauzwa vipande. Na mara nyingi injini yenyewe haikuwa na tatizo la kuifumua.

Tunaomba nafasi tueleze mpangilio unaofanya kazi kwa mtu ambaye fedha yake inakuja kwa mafungu na haina nyongeza.

Tunazungumzia hasa BMW zenye silinda mbili zinazotokeza ubavuni: R80/7 iliyotoka 1977 na R80RT, ile yenye kikinga upepo kikubwa, iliyofuata 1982. Zina cc 797, zinapozwa na upepo tu, na nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti, hivyo hakuna cheni wala sproketi za kununua. Silinda ziko nje kila upande. Valvu, plagi na kabureta unavifikia ukiwa umekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ukiwa na spana za kawaida. Honda GL1000 ya 1975 ni mashine nzuri sana, ila si ya mfuko wa mwanafunzi: ina kabureta nne za kuoanisha, rediyeta, na koili ya kuchaji iliyokaa nyuma ndani ya injini, ikiungua, injini nzima inashushwa kwenye fremu. CX500 ya 1978 ina ugonjwa huohuo, na sili ya pampu yake ya maji nayo inadai injini ishuke. Ukiuziwa mojawapo kwa bei ya kutupa, jiulize nani alishindwa kabla yako.

Kabla ya mashine, kadi ya usajili. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya usukani. Ya injini iko ubavu wa kushoto, juu ya kijiti cha kupimia oili. BMW za miaka hiyo zilitoka kiwandani namba hizo mbili zikiwa sawa. Zikitofautiana, injini ilibadilishwa, na kadi lazima iendane na kilichopo. Sugua uchafu kwa brashi na petroli kidogo, piga picha, linganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Muuzaji awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi, au awe na mikataba ya mauziano inayomfikisha kwa aliyeandikwa. Bila hivyo kubadilisha umiliki TRA kutakushinda, na pikipiki isiyo na jina lako haikatiwi bima kwa amani.

Iko hatari nyingine ambayo mji wa watalii kama wetu unaijua. Msafiri wa kigeni aliingia nchini na pikipiki kwa kibali cha muda, ikamharibikia, akaiacha kwa rafiki na kupanda ndege. Pikipiki hiyo haijalipiwa ushuru. Hata ukipewa bure, umepewa deni la forodha, na kwa chombo chenye umri huo deni laweza kuizidi thamani yake. Nenda ukaulize ofisini kabla hujaibeba, si baada. Pia angalia leseni yako: daraja la pikipiki ndogo za cc 125 halikuruhusu kuendesha cc 797.

Karatasi zikiwa safi, sasa ukaguzi. Toa plagi zote mbili, mimina kijiko kimoja cha oili kila tundu, acha usiku kucha. Kesho yake weka gia ya nne, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama mahali, una injini ya kuanzia. Ikiwa stata ya kuwashia inafanya kazi, endelea na geji ya kompresheni, kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda, grip ya mafuta ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Kwa injini hizi, zaidi ya bar 10 ni nzuri, kati ya 8.5 na 10 ni ya kawaida, chini ya 8.5 ni mbovu. Lakini viwango hivyo ni vya usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kwenye mita kama 1,400 na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Moshi, kwenye mita 800 na ushei, ni karibu asilimia 10. Injini ambayo Tanga ingesoma bar 10, hapa kwetu itasoma nane na nusu, na ni injini nzima. Tumeona vijana wakiambiwa wabadilishe ringi za pistoni kwa sababu tu fundi alisoma kitabu bila kusoma mlima.

Cha kuangalia zaidi ni tofauti ya kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini sana, mimina kijiko cha oili upande huo na upime tena mara moja. Namba ikipanda, ni ringi, na ringi zilizoganda kwa kulala mara nyingi hujiachia zenyewe baada ya kilomita mia kadhaa. Isipopanda, ni valvu. Hapo ndipo hedi, yaani kichwa cha silinda, inashuka, na bei ya kununulia nayo ishuke.

Vua gurudumu la nyuma kabla hujalipa. Kwenye R80/7 na RT za mwanzo, zenye shokapu mbili, ni kulegeza nati na bolti ya kubania, kuchomoa ekseli na kulivuta gurudumu kando. Ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, kuna meno yanayoingiliana na meno ya gia ya nyuma. Yakiwa na vichwa bapa ni mazima. Yakiwa yamechongoka kama msumeno, wamiliki waliotangulia hawakuwahi kupaka grisi, na utanunua habu na gia kwa pamoja. Hapo achana nayo. Yakiwa mazima, yasafishe na uyapake grisi yenye molibdenamu, kiasi cha kuziba mabonde ya meno tu. Ikizidi inarushwa na kuingia kwenye breki za dramu. Rudia kila unapobadilisha tairi.

Ukaguzi wa mwisho ni nati za ekzosi. Ni nati kubwa zenye mapezi, zimefungwa kwenye uzi uliokatwa kwenye hedi yenyewe. Chuma kimoja kikikaa na kingine miaka mingi kwenye unyevu na joto, vinashikana. Kijana anakuja na bomba refu, anakaza mkono, na nati inatoka na uzi wa hedi. Hedi haipatikani kwa bei ya boom. Nati ngumu haifunguliwi kwa nguvu: ikate kwa msumeno wa chuma kati ya mapezi mawili, ukiacha kama milimita moja usifike kwenye uzi, kisha chomeka patasi kwenye mpasuko na gonga mara moja, inafunguka. Umepoteza nati, umeokoa hedi. Unapofunga mpya, paka grisi ya shaba kwenye uzi, na uifungue na kuipaka tena kila mwaka.

Sasa fedha. Kile kilichobaki baada ya kununua, kigawe mafungu kumi. Manne ni ya breki na matairi. Mawili ya umeme, betri ikiwemo. Mawili ya tanki, kabureta, mipira na oili zote. Moja la karatasi na bima. Moja usiliguse kabisa. Ni la kitu usichokijua bado, na kipo. Rangi haina fungu.

Breki zinakula fungu kubwa kwa sababu ndizo zilizoharibiwa na kulala kuliko kitu kingine. R80/7 za mwanzo zina jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: silinda kuu ya breki ya mbele haipo kwenye usukani, iko chini ya tanki, na inavutwa na kebo kutoka kwenye mkono. Ikivuja, huoni. Maji ya breki yanateremka taratibu juu ya bomba la fremu, yanakula rangi na kuacha kutu. Inua tanki uangalie. Ukikuta rangi imejikunja chini yake, silinda inahitaji seti mpya ya mipira, na ikiwa ukuta wa ndani una vishimo, inahitaji kubadilishwa. Kusugua kwa msasa mpaka ing'ae hakusaidii, kwa sababu mpira utavuja tena kwenye vishimo vilevile.

Mipira mirefu ya kupitisha maji kwenye breki ya mbele itupe yote hata kama kwa nje inaonekana mizima. Mpira wa miaka arobaini huvimba kwa ndani: maji yanapita ukibonyeza kwa nguvu lakini hayarudi, na breki inabaki imeshika mpaka diski inanuka. Pistoni za kaliper, kibanio cha diski, zitoe kwa kusukuma na maji ya breki, si kwa hewa ya kompresa, maana inaruka na kuvunja kidole. Jaza maji ya breki ya DOT 4 kutoka kopo jipya lisilofunguliwa. Lililofunguliwa limeshanywa unyevu. Toa hewa mpaka mkono uwe mgumu. Ukiendelea kuwa laini, angalia kwanza kebo ya kuvuta silinda, maana ikilegea hutapata breki hata ukitoa hewa kutwa nzima.

Nyuma ni dramu, na hapa ndipo mji wetu unamsaidia mwanafunzi. Mafundi wanaobandika lainingi za breki za malori wanaweza kubandika na zako. Wapelekee viatu vya breki vikiwa safi na dramu yenyewe, wakate lainingi ilingane nayo. Onyo moja: lainingi za zamani zina asbesto. Usizipulize kwa kompresa. Lowesha vumbi kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Matairi ni 3.25-19 mbele na 4.00-18 nyuma, au vipimo vya milimita vinavyolingana navyo. Majaribu yako hapa: tairi ya bodaboda ya 3.00-18 inaingia kwenye rimu ya nyuma na ni rahisi. Usiiweke. Pikipiki hii pamoja na mizigo na watu wawili inakaribia kilo 400, na tairi ya bodaboda haikutengenezwa kubeba uzito huo kwa mwendo wa barabara kuu. Soma namba ya uzito ubavuni, kisha soma tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nzuri iliyokaa dukani miaka sita imekwisha kazi hata kama haijagusa lami. Tyubu ziwe mpya, na utepe wa kufunika vichwa vya spoku pia.

Tanki la R80/7 linachukua lita 24, na ndani yake kwa kawaida kuna kutu na petroli iliyogeuka gundi. Usijaze lita 24 za siki. Utafilisika kwa siki. Toa koki zote mbili, ziba matundu, weka asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya moto, lita tano zinatosha. Tia konzi moja ya nati ndogo ulizozihesabu wakati wa kuingiza na utakazozihesabu wakati wa kutoa. Laza tanki ubavu mmoja saa kadhaa, geuza, geuza tena, tikisa kila unapopita. Kutu ikitoka, suuza kwa maji yenye baking soda ili kuua asidi, suuza tena, kausha mara moja kwa hewa ya moto, kisha zungusha ndani yake kikombe cha petroli iliyochanganywa na oili. Tanki lililosafishwa likaachwa tupu na bichi linarudisha kutu kabla ya jioni. Na tafadhali, kazi hii isifanyike kwenye chumba cha hosteli.

Kabureta ni Bing, moja kila upande, na bakuli lake la chini linashikwa na waya wa kusukuma tu, halina skrubu. Lifungue uone. Uchafu wa unga mwekundu maana yake tanki halijapona. Jeti, vile vitundu vinavyopima mafuta, zizibue kwa uzi wa kuvulia samaki na hewa, kamwe si kwa waya, kwa sababu tundu la jeti likipanuka kidogo tu hesabu yote imeharibika. Juu kuna diafragamu ya mpira. Itoe uishike mbele ya taa. Tundu dogo kiasi cha ncha ya sindano linatosha kuufanya upande mmoja ukatae kuvuta: injini inasaileti vizuri, yaani inanguruma taratibu bila kufungua mafuta, lakini ukifungua mafuta inamisi. Diafragamu mbili mpya ni miongoni mwa vitu vichache tunavyosema agiza bila kufikiri.

Skrubu ya mchanganyiko wa saileti ifunge taratibu mpaka ikae, kisha uirudishe robo tatu ya mzunguko. Hapo ni pa kuanzia tu. Kwa mwinuko wetu mchanganyiko huelekea kuwa mzito wa mafuta. Kabureta hizi hujirekebisha kiasi, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha jeti. Kimbia kilomita kumi kwa mwendo wa kawaida, zima injini bila kuiacha isaileti, toa plagi. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeusi yenye masizi makavu pande zote mbili, shuka jeti kuu hatua moja. Nyeusi upande mmoja tu, tatizo haliko kwenye mwinuko, liko kwenye kabureta hiyo. Plagi zenyewe ni za milimita 14 zenye uzi mrefu wa milimita 19, NGK BP6ES au BP7ES kutegemea mwaka. Za bodaboda haziingii.

Umeme. Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu BMW nyingi zilizolala hazikulala kwa injini. Zililala kwa kutochaji.

Kabla ya kufungua kava la mbele la injini, ondoa waya hasi wa betri. Siyo ushauri wa heshima tu. Nyuma ya kava hilo kuna bodi ya diodi, inayogeuza umeme wa jenereta uwe wa kuchaji betri, yenye umeme wa betri moja kwa moja, na kava la chuma likiigusa wakati unalivuta, bodi imekufa. Baada ya hapo pima rota, ile sumaku ya umeme inayozunguka. Inua brashi za kaboni, weka mita kwenye pete mbili za shaba: isome karibu omu 3.4. Isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika, ugonjwa maarufu wa pikipiki hizi. Kisha pima kutoka pete moja kwenda kwenye chuma cha rota: hapo isisome kabisa. Rota iliyokatika inaweza kusukwa na fundi wa kusuka mota, lakini mwambie mapema kwamba inazunguka kwa kasi ya injini, zaidi ya mizunguko 6,000 kwa dakika. Waya uzamishwe kwenye vanishi na uokwe mpaka ukauke, la sivyo unatawanyika ndani ya kava.

Kabla hata ya hayo yote, tazama taa ndogo nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Ukifungua swichi isipowaka, badilisha globu yake ya wati 4 kwanza. Umeme wa kuamsha rota unapita kwenye globu hiyo. Ikiungua, pikipiki haichaji, na rota nzima itaagizwa kutoka Ujerumani bure. Betri ikiwa imepumzika isome volti 12.6, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000, isome kati ya 13.8 na 14.2. Jenereta ni ya wati 280 tu na kwenye saileti haitoi kitu cha maana, kwa hiyo anayefunga taa kubwa za ziada na kukaa kwenye foleni ya kipilefti cha Impala asishangae kukuta betri imekufa.

Za kabla ya 1981 zinawasha kwa pointi, vile vidole viwili vinavyokatisha umeme wa koili. Pengo liwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Safisha nyuso zake kwa karatasi safi, weka tone la grisi kwenye kamu. Za 1981 na kuendelea ni za elektroniki na hazina cha kurekebisha hapo.

Injini usiifungue. Tunarudia kwa sababu ndipo mikono ya vijana inapowasha. Oili inayolowesha kidogo chini ya mirija ya pushrodi, vile vijiti vinavyosukuma valvu, ni mpira uliokauka; inaweka doa sakafuni, haiui injini, na inaweza kusubiri mwaka mzima. Unachopaswa kufanya ni kufungua kava za valvu tu. Injini ikiwa baridi, kaza kwanza bolti za hedi kwa mtindo wa msalaba mpaka Nm 35 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Spana hiyo ikodi au iazime. Wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha na wa VETA wanaweza kuomba matumizi ya karakana, na walimu wasiwakatalie. Anayekaza kwa kukisia anang'oa uzi wa studi ndani ya aluminiamu. Kisha zungusha mpaka alama ya OT, ya pistoni kuwa juu kabisa, ionekane kwenye tundu la ubavu wa kushoto, valvu zote mbili za upande unaorekebisha zikiwa zimelegea. Kwa R80 weka milimita 0.10 kwenye valvu ya kuingiza na 0.20 kwenye ya kutoa, zungusha duara moja kamili, fanya upande wa pili. Andika vipimo ulivyovikuta. Pengo la valvu ya kutoa likiwa linapungua tena na tena kila kilomita 1,000, valvu inazama kwenye kiti chake, na hapo ndipo hedi inapostahili kushuka.

Oili ya injini ni lita 2.25 pamoja na filta. Klachi yake ni kavu, haikai ndani ya oili, kwa hiyo 20W-50 ya kawaida ya magari inatosha. Huna haja ya oili maalumu ya pikipiki. Gia boksi inachukua lita 0.8 na gia ya nyuma mililita 250, zote 80W-90, na bomba la shafti mililita 100 hadi 150 kulingana na mwaka. Watu husahau la mwisho, na shafti inazunguka kavu. Oili unayoitoa ipitishe kwenye kitambaa: vumbi laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Unapobadilisha filta, tunza pete nene ya mpira na shimu nyembamba ya chuma vinavyokaa chini ya kifuniko. Pete isipobanwa sawasawa, oili inarudi chini bila kufika kwenye beringi, na injini iliyokuwa nzima inakufa kwa kosa la pete moja. Ukiwasha na taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima.

Vipuri usiagize kimoja kimoja. Usafirishaji utazidi bei ya vipuri. Andika orodha mpaka ikae wiki mbili bila kuongezeka, tafuta wenye pikipiki kama yako Arusha na Moshi, agizeni kwa mzigo mmoja. Na kabla ya kuagiza beringi au sili yoyote, itoe uisome. Beringi nyingi zina namba za kimataifa zilizochorwa ubavuni, na sili zimeandikwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Kwa namba hizo utazipata kwenye maduka ya beringi mjini bila kutaja neno BMW, neno ambalo hupandisha bei. Kebo za klachi na mafuta hutengenezwa hapahapa kwa waya wa ndani wa bodaboda, mradi kichwa kinalehemiwa kwa risasi ya moto ya kutosha na si kubanwa kwa koleo.

Rangi: osha kwa sabuni, paka nta, subiri mpaka umalize chuo.

Safari ya majaribio iwe fupi kwanza, Sakina hadi Ngaramtoni na kurudi, na ukifika shika habu za magurudumu yote mawili. Inayounguza mkono ina breki iliyoshika au beringi iliyobanwa. Halafu Usa River. Halafu Moshi, kama kilomita 80, ukisimama Boma Ng'ombe kutazama oili na nati za ekzosi, ambazo hulegea kwenye joto la kwanza. Ngazi za Mto wa Mbu, ule mlima mkali wa kuelekea Karatu, ziache mpaka umekaza tena hedi na kupima valvu baada ya kilomita 1,000, na siku ya kuzipanda ondoka asubuhi. Injini hizi zinapozwa na upepo wa mwendo, na nyuma ya lori linalopanda kwa gia ya kwanza upepo huo haupo. Simama kando, zima, liache litangulie.

Sisi wasomaji wenu,
Mafundi wa pikipiki za zamani,
Unga Limited, Arusha